Kabla ya kuanza chuo cha uuguzi: majina ya mwili ya kuyazoea mapema

Wengi wanaoingia chuo cha uuguzi baada ya kidato cha nne, wakiwa na ufaulu wao wa Biolojia, Kemia na Fizikia, hudhani mwili wanaujua. Wanaujua kweli, ila kwa kiwango cha kujibu mtihani. Somo la anatomia na fiziolojia huanza na majina mengi kwa mpigo, na asiyejiandaa huishia kukesha akikariri. Miezi ya kusubiri udahili inatosha kabisa kujiandaa, mradi usiitumie kumeza orodha. Kila kiungo unachokutana nacho jiulize mambo manne: kiko wapi, kinafanya kazi gani, kipimo chake cha kawaida ni kipi, na mgonjwa akija hukitajaje.

Anatomia inahusu umbo na mahali, fiziolojia inahusu utendaji. Seli hufanya tishu, tishu hufanya ogani, ogani hushirikiana katika mfumo. Haya uliyasoma, yapitie uendelee.

Usilolipitia haraka ni mkao wa kianatomia: mtu amesimama wima, uso mbele, mikono pembeni, viganja vimeelekea mbele. Maelezo yote ya mahali mwilini hutoka kwenye mkao huo, hata kama mgonjwa amelala kifudifudi. Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama. Ndiyo maana ini, ambalo liko kulia chini ya mbavu, kwenye mchoro wa kitabu linaonekana kushoto kwa ukurasa. Ukizembea hapa utalipa wodini. Sindano ya takoni, kwa mfano, huchomwa kwenye robo ya juu, upande wa nje, kwa sababu neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, hupita chini zaidi na kwa ndani. Anayechanganya ndani na nje anaweza kumwachia mtu mguu uliolegea. Mtoto mchanga yeye huchomwa pajani, mbele kwa upande wa nje, maana msuli wa tako lake bado mdogo mno.

Majina marefu yasikutishe, mengi yameunganishwa kwa vipande. Kadio ni moyo, nefro ni figo, hepato ni ini, gastro ni mfuko wa chakula. Ukiona jina limeishia na -itis, jua kuna uvimbe wa aina ya kuwaka: ndiyo kidole tumbo kikivimba huitwa apendisaitisi. Vipande ishirini hivi vya namna hiyo vitakufungulia mamia ya majina.

Kuna jambo moja linalowakwamisha hata waliofaulu vizuri: ateri na vena. Shuleni wengi hutoka na wazo kwamba ateri hubeba damu safi na vena damu chafu. Lifute. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha moyoni, basi. Ateri za mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni na bado ni ateri, kwa sababu zinatoka moyoni. Ukilishika hili, mzunguko mzima wa damu unakaa sawa.

Kwa moyo wenyewe, mwalimu mzuri ni muuza nyama. Nunua moyo wa mbuzi ukiwa mzima, uoshe, kisha upasue kwa urefu. Utakuta vyumba vinne, na utaona ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini upande huo, ni mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa wa kushoto husukuma damu mwili mzima na wa kulia huipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Tazama pia nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali zisipinduke damu inaposukumwa. Ukipata na figo, chukua la mbuzi, usichukue la ng'ombe. La ng'ombe lina vinundu vingi kwa nje, la mbuzi ni laini kama la binadamu. Ukimaliza, kitoweo kipo.

Tarakimu zizoee kwa kupima watu wa nyumbani. Mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, hupumua mara 12 hadi 20, joto la kwapani halipiti sana 37, na presha huwa karibu na 120/80. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Kidole gumba chako usikitumie, kina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe. Pumzi zihesabu bila kumwambia mtu, kwa sababu akijua tu, anabadilisha anavyopumua.

Halafu kuna lugha ya wagonjwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi. Vitabu vitakupa majina ya Kilatini, lakini mama atakayekaa mbele yako atasema chembe cha moyo kinamuuma. Hapo anaonyesha sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya kidari. Inaweza kuwa vidonda vya tumbo. Inaweza pia kuwa mshtuko wa moyo, ambao baadhi ya watu huuhisi hapo. Na akiwa mjamzito wa miezi mikubwa, ana presha ya 140/90 au zaidi, kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, hiyo ni dalili ya hatari ya kuelekea kifafa cha mimba na haisubiri foleni. Kinena, kichomi, kiuno, tumbo la chini: andika maneno ya namna hii kwenye daftari, na kando ya kila moja uandike viungo vilivyo chini ya ngozi ya hapo.

Vitabu vipya usikimbilie kununua kabla chuo hakijakupa orodha yake. Toleo la zamani la anatomia linafaa, mtu mzima bado ana mifupa 206. Ila epuka fotokopi nyeusi na nyeupe, maana michoro hutofautisha ateri na vena kwa nyekundu na bluu. Kama huna njia nyingine, nunua penseli za rangi uipake mwenyewe.