SOMO: Namna ya kuvuka winta ya kwanza Minnesota (na kokote kwenye theluji)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Oktoba simu yangu inajaa ujumbe ule ule: "Kaka nimefika, ninunue koti gani?" Nimejibu mpaka nimechoka. Sasa naandika mara moja, na mwakani ukiniuliza nitakutumia uzi huu bila hata salamu.

Nipo Minneapolis, nalea wazee shifti ya usiku, kwa hiyo natoka na kurudi saa zile ambazo baridi haina utani. Walioko Kanada na Skandinavia wataongezea ya kwao.

Kabla ya hatua zenyewe: koti ni jambo dogo. Wageni ninaowajua hawakuumizwa na kile walichokuwa wanakiogopa. Waliumizwa na jasho, bomba, gari na jiko. Soma ukijua hivyo.

Hatua ya 1. Usinunue koti Dar. Yale ya Kariakoo yanafaa Arusha mwezi wa saba. Njoo na sweta, koti utanunua huku kwenye maduka ya mitumba. Ndiyo, mitumba ipo, tena huku ndiko inakoanzia safari. Kama unatua Januari, mwambie mwenyeji wako aje na koti uwanja wa ndege.

Hatua ya 2. Vaa tabaka tatu. La ndani linabana mwili na linakausha jasho (sufu au nailoni, SIYO pamba). La kati linatunza joto: sweta, flisi. La nje linazuia upepo na maji. Pamba ikilowa jasho inabaki na unyevu na kukupoza ukiwa umesimama kituoni. Ukiingia kwenye basi fungua zipu, usisubiri utoke jasho.

Hatua ya 3. Buti zipite saizi yako kwa namba moja. Soksi nene ndani ya kiatu kinachobana inazuia damu kupita, na vidole vinakufa ganzi haraka kuliko ungevaa soksi nyepesi.

Hatua ya 4. Soma namba ya pili kwenye utabiri. Kuna joto halisi na kuna joto linalohisiwa ukijumlisha upepo. Hilo la pili ndilo la kuvalia. Likifika −28 za Selsiasi, ngozi iliyo wazi inaweza kuungua na baridi ndani ya nusu saa. Dalili: panachoma, kisha pana ganzi, kisha rangi ya ngozi inabadilika. Sisi weusi tusisubiri "wekundu" unaotajwa kwenye vipeperushi vyao. Kwetu panakuwa pa kijivu, pagumu, kama nta. Usisugue, na usipake theluji. Ingia ndani, tumia maji ya vuguvugu. Ganzi isipoondoka, hospitali. Hereni za chuma vua kabla ya kutoka.

Hatua ya 5. Tembea kama bata. Hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mifuko. Barafu mbaya ni ile usiyoiona, nyembamba juu ya lami.

Hatua ya 6. Nyumba. Hapa tulieni.

Mwaka mmoja tulikwenda Iowa kwa jamaa kula Krismasi. Nikazima hita kabisa ili kuokoa gesi, maana nyumbani hakukuwa na mtu, tunampashia nani joto? Kwa akili ya Mbagala ilikuwa hesabu nzuri. Bomba la jikoni limepita kwenye ukuta wa nje. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na shinikizo linajibana kati ya barafu na koki iliyofungwa. Bomba likapasuka. Lakini maji hayakumwagika siku hiyo, maana barafu yenyewe ilikuwa imeziba tundu. Yalimwagika barafu ilipoyeyuka, tukiwa bado Iowa, mpaka dari ya jirani wa chini ikashuka na kukalia sofa lake. Mwenye nyumba alinipigia simu kwa sauti ya upole, na upole ule ndio ulionitisha. Kwa hiyo:

– USIZIME HITA UKISAFIRI. Ishushe, lakini isipungue 55 za Fahrenheit, yaani kama 13 za Selsiasi.

– Usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati chini ya sinki, hewa ya ndani ifike kwenye bomba. Acha koki idondoke tone tone.

– Leo, siyo siku ya tukio, muulize mwenye nyumba koki kuu ya maji ipo wapi. Mimi sikuwa naijua.

– Bomba limeganda lakini halijapasuka? Fungua koki, kisha lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kuanzia upande wa koki, na sakafu iwe kavu. USITUMIE MOTO. Kuna watu wamechoma nyumba hivyo.

– Kata bima ya mpangaji. Ya mwenye nyumba hailipii vitu vyako.

Na hili nalitenga kwa sababu linaua: MKAA HAUINGII NDANI. Hata kwa mahindi ya kuchoma, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Huku nyumba zimezibwa upepo usipite. Moshi unaouona si tatizo, tatizo ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, mnasikia usingizi, mnalala, basi. Vilevile usipashe chumba kwa oveni ya gesi iliyoachwa wazi. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya gesi hiyo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Kama yako inalia kwa betri kuisha, nunua betri. Usiichomoe ukaitupa kwenye droo.

Hatua ya 7. Gari. Betri, maji ya waipa yasiyoganda, kikwangulio, blanketi, koleo. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ukikwama kwenye theluji na injini inawaka, kwanza shuka ufukue eksozi. Ikizibwa, ile gesi ya hatua ya 6 inarudi ndani ya gari.

Kuegesha: Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, siku ya kwanza kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi huegeshi kabisa kwenye barabara kuu zilizowekewa alama. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kwenye mitaa mingine huegeshi upande wa namba shufwa. Siku ya tatu, saa hizo hizo, upande wa namba witiri. Jiandikishe upate ujumbe kwenye simu. Ukikosea, gari linavutwa na wewe unalipa faini, na kuvutwa, na kulala kwake yadi.

Hatua ya 8. Giza. Desemba jua linachomoza kwenye saa mbili kasoro dakika kumi na kuzama kwenye saa kumi na nusu jioni. Sisi wa shifti ya usiku tunaweza tusilione wiki nzima. Nenda kapimwe vitamini D, ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi na jua la winta huku halitoshi. Ukiona umeanza kukwepa simu za watu na kulala ovyo, sema na daktari. Usingoje "kuzoea".

Karibuni maswali. Someni kwanza.

MASWALI

Kijana_wa_Ubungo: Asante mkuu. Sasa koti gani zuri?

Mleta somo: Hatua ya 1 na ya 2.

Kijana_wa_Ubungo: Nimesoma, ila nataka jina la kampuni.

Mleta somo: Lifike chini ya makalio, liwe na kofia, zipu iwe na kifuniko cha kuzuia upepo. Jina la kampuni halipashi mtu joto.

Mkinga Halisi: Mimi natoka Makete, asubuhi mwezi wa sita majani yanakuwa meupe kwa barafu. Mnatutisha bure, baridi tunaijua.

Mleta somo: Baridi ya Makete naiheshimu, nimelala Tandala na mablanketi matatu. Lakini kule jua la saa tatu likitoka barafu inaondoka. Huku utaangalia dirishani Januari uone jua linawaka, anga bluu, hakuna hata wingu, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Mawingu yanafunika joto lisipotee. Anga ikiwa wazi joto lote linapaa usiku. Januari 30, 2019 hapa tulifika −33 za Selsiasi kabla hata ya kuhesabu upepo, na posta walisitisha kupeleka barua. Jua lilikuwepo.

Mkinga Halisi: Nimeufyata.

Bi Mwanaidi: Kaka yangu, shukrani. Swali langu ni la udhu. Kazini maji ya bomba ni ya barafu, na miguu nikiiosha nikaivaa soksi ikiwa mbichi, nikitoka nje naumia. Mnafanyaje?

Mleta somo: Dada, swali zuri, nilipaswa kuliweka kwenye somo. Mimi ni Mkristo, ila naishi na Mzanzibari, nimempa simu aandike mwenyewe:

"Wa alaykum salaam. Tia udhu kamili nyumbani, vaa khofu (soksi za ngozi) ukiwa na twahara. Baada ya hapo ukitawadha kazini unapaka maji juu ya khofu tu, huvui. Kwa mkazi ni mchana na usiku wake, kwa msafiri siku tatu. Soksi za kitambaa maulamaa wamehitilafiana, muulize shekhe wako. Na weka taulo ndogo kwenye mkoba, uso na mikono vikauke kabisa kabla ya kutoka."

Naongeza: winta Dhuhuri, Alasiri na Magharibi zinakaribiana sana, kwa hiyo udhu mmoja mara nyingi unamfikisha mbali. Ndivyo anavyofanya huyu.

Bi Mwanaidi: Allah awalipe nyote wawili.

mzee_wa_totozi: Uzi mrefu. Weka kwa ufupi.

Mleta somo: Usizime hita. Usiwashe mkaa. Kwaheri.

Nyambura_YEG: Hapa Edmonton, Mkenya wa Kinangop. Umesahau kitu kwa watu wa Kanada: magari mengi huku yana waya unaning'inia mbele, unachomeka kwenye umeme usiku ili injini isigande. Wageni wanadhani gari ni la umeme, wanafurahi! Na walioko Quebec wajue matairi ya winta ni lazima kisheria, Desemba 1 mpaka Machi 15.

Mleta somo: Asante sana dada. Minnesota sheria haitulazimishi, lakini mwenye uwezo ayanunue. Gari kuvuta kwa magurudumu yote manne kunasaidia kuondoka, hakusaidii kusimama. Ndiyo maana mitaroni unakuta magari makubwa ya fahari.

Msomi_Kapuku: Kwa nini betri inayofanya kazi vizuri Septemba ife Januari? Na kwa nini chumvi siku nyingine haiyeyushi barafu?

Mleta somo: Haya ndiyo maswali. Betri inatoa umeme kwa kemikali, na kemikali kwenye baridi zinakuwa nzito kufanya kazi. Kwenye −18 hivi, nguvu inaweza kushuka karibu nusu. Wakati huo huo oili imekuwa nzito, injini inadai nguvu zaidi. Betri iliyochoka inagunduliwa hapo. Ipimwe Oktoba, maduka mengi ya vipuri hupima bure.

Chumvi nayo inashusha kiwango ambacho maji yanaganda, lakini ina kikomo. Ya kawaida ya barabarani ikipita −9 hivi inazidiwa. Ndiyo maana siku za baridi kali wanamwaga mchanga ili tairi ishike. Chumvi hiyo inakula chini ya gari, osha kila unapopata siku ya nafuu. Na viatu vya ngozi futa kwa siki na maji, ule utando mweupe unatoka.

Mama Junior: Bili ya gesi imenishinda mwezi huu, na nina mtoto mchanga. Watanikatia?

Mleta somo: Mama, usikae kimya. Minnesota kuna kanuni ya msimu wa baridi, Oktoba 1 hadi Aprili 30, inayokulinda usikatiwe umeme au gesi ya kupashia joto, ILA ni lazima uwapigie mwenyewe mkubaliane kiasi cha kulipa kila mwezi na ukitimize. Anayenyamaza anaweza kukatwa. Upo pia msaada wa serikali wa nishati kwa wenye kipato kidogo, unaomba kupitia shirika linalohudumia kaunti yako. Piga leo. Ukikwama na Kiingereza cha kwenye simu, omba mkalimani wa Kiswahili, wanaye. Au njoo inboksi nikupigie pamoja nawe.

Kijana_wa_Ubungo: Mkuu, mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa. Yameharibika?

Mleta somo: Hayajaharibika. Chini ya 24 yanaganda tu, hata Dar usiku wa Julai yanaanza. Chota kwa kidole, sugua viganjani. Paka mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, juu yake vaselini. Hita inakausha hewa, ndiyo maana pua zinatoka damu asubuhi. Weka kifaa cha kutoa mvuke chumbani. Na usitoke na nywele mbichi. Wadada wenye rasta na suka, hilo ni lenu hasa.

Mama Junior: Nimewapigia. Wamekubali kwa awamu. Huyu mkubwa wangu anaanza shule Jumatatu, wanasema atatolewa nje kucheza hivyo hivyo kwenye theluji. Ni kweli?

Mleta somo: Ni kweli, wanawafungia ndani siku zile kali tu. Suruali ya theluji, buti, kofia, na glavu zile za kidole gumba peke yake, siyo za vidole vitano. Nunua jozi mbili, andika jina lake ndani kwa kalamu isiyofutika. Jozi moja itapotea kabla ya Ijumaa.

mpemba_mbishi: Naomba kuuliza, nikiwa nasafiri mwezi mzima kuja nyumbani, nikizima hita nitaokoa kama dola ngapi?

Mleta somo: HATUA YA 6.