Namna ya Kutafuta Bakteria wa Baharini Wanaojitengenezea Sabuni na Kula Mafuta

Bakteria wanaokula mafuta wamo baharini tayari. Alcanivorax borkumensis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1998 kutoka Bahari ya Kaskazini, hutegemea haidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta, karibu peke yake, na ili ayafikie mafuta yasiyochanganyika na maji hutoa sufaktanti, yaani dutu inayofanya kazi ya sabuni: hupunguza mvutano wa uso wa maji na kuyavunja mafuta kuwa vitone vidogo. Hatua zifuatazo ni za maabara ya kufundishia.

Chota mchanga wa juu mahali palipozoea mafuta, kwa mfano chini ya gati la boti za injini, kwa chupa iliyotakaswa. Tia gramu moja katika mililita 100 za maji ya bahari yaliyochujwa na kutakaswa kwa mvuke, ongeza chumvi kidogo za amonia na fosfeti, kisha mililita moja ya dizeli. Chumvi hizo zisisahaulike: dizeli ina kaboni tele lakini nitrojeni na fosforasi ni haba, na ndiyo maana fukwe za Alaska zilitiwa mbolea baada ya ajali ya meli ya mafuta Exxon Valdez ya 1989. Tikisa kwa nyuzi 28 kwa juma moja, hamishia mililita moja kwenye chupa mpya yenye maji, chumvi na dizeli vilevile, na urudie mara tatu. Kila mara andaa na chupa isiyo na bakteria, kwa kuwa dizeli huvukiza yenyewe.

Maji yakishapauka kama yaliyosuuzia chombo cha tui, vaa glavu, kwani baadhi ya bakteria hawa huambukiza vidonda, uwatenge kwa mashine ya kuzungusha na ubaki na kimiminika. Tandaza mafuta ghafi membamba juu ya maji katika sahani, kisha dondosha tone la kimiminika hicho katikati. Duara safi likifunguka papo hapo, sufaktanti imo. Rudia kwa kimiminika cha chupa isiyo na bakteria. Hapo mafuta yasisogee. Glasi iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa nusunusu hufungua duara zuri kuliko bakteria yeyote, nami niliwahi kuishangilia sabuni ya karai kwa siku mbili nzima.

Hata hivyo, mafuta yaliyovunjika vitone yametoweka machoni tu. Ili kujua kama yameliwa, pima dizeli iliyobaki katika chupa zote mbili. Tofauti yake ndiyo kazi ya bakteria.