Jinsi ya Kumsaidia Mtoto Njiti Kupumua kwa Kimiminika

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 ya mimba mara nyingi huwa na mapafu yenye upungufu wa safaktanti, yaani ule utando laini unaozuia vifuko vya hewa visisinyae kila anapotoa pumzi. Tiba ya kwanza ni kumpa safaktanti na msaada wa mashine. Maelezo haya yanahusu hali ambapo hayo yote yameshindwa, na timu ikaamua kuyajaza mapafu kwa kiasi fulani cha kimiminika kiitwacho perflubroni huku mashine ikiendelea kupitisha hewa kama kawaida. Njia hii si huduma ya kila wodi. Mahali pake ni katika utafiti ulioidhinishwa, na ridhaa ya wazazi hupatikana kwa maandishi kabla ya jambo lolote.

Perflubroni ni kimiminika kisicho na rangi, ambacho mililita 100 zake huweza kubeba takriban mililita 50 za oksijeni na zaidi ya mililita 200 za kabonidayoksaidi. Kila mililita ina uzito wa gramu 1.9 hivi, karibu maradufu ya maji, na uzito huo ndio siri ya kazi yake: kwa mtoto aliyelala chali, kimiminika huteremka upande wa mgongo, mahali ambapo vifuko vingi vimesinyaa, kikavifungua bila kuhitaji shinikizo kubwa la hewa.

Kabla ya kujaza, hakikisha kwa eksirei kwamba mrija wa kupumulia umekaa mahali pake na kwamba hakuna hewa iliyovuja kati ya pafu na ukuta wa kifua. Vuta makamasi, kisha mpime mtoto uzito upya, kwa sababu kiasi cha kimiminika hukadiriwa kwa uzito: takriban mililita 30 kwa kila kilo, ambacho ndicho kiasi cha hewa ambacho pafu lenye afya hubaki nacho baada ya kutoa pumzi.

Kimiminika huingizwa polepole kwa bomba la sindano kupitia tundu la pembeni la kiungo cha mrija, bila kuisimamisha mashine. Hesabu ya uzito ni ya kuanzia tu. Jicho ndilo linaloamua. Shinikizo la mwisho wa pumzi, yaani lile ambalo mashine hulibakiza mapafuni mtoto anapomaliza kutoa pumzi, huondolewa kwa muda mfupi sana, na uso wa kimiminika ukionekana ndani ya mrija, mapafu yamejaa.

Saa ya kwanza ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, uliohusisha watoto njiti 13 ambao safaktanti haikuwafaa, oksijeni katika damu ilipanda na mapafu yakalainika ndani ya saa moja. Hali hiyo hufurahisha wodi nzima, lakini ina hatari yake: shinikizo lililokuwa likihitajika kwa pafu gumu sasa litalipanua pafu laini kupita kiasi na huenda likalipasua. Kwa hiyo punguza shinikizo na oksijeni hatua kwa hatua, ukifuata mwinuko wa kifua na vipimo vya damu, wala usisubiri zamu ijayo.

Perflubroni huvukiza kupitia pumzi, hivyo huongezwa mara kwa mara kwa kuangalia ule uso ndani ya mrija. Uchafu wa mapafuni, ukiwa mwepesi kuliko kimiminika, huelea na kupanda juu hadi kuweza kuziba mrija. Kifua kikiacha kuinuka ghafla, shuku kuziba kwanza, kisha hewa iliyovuja.

Katika kuhitimisha tiba, timu huacha kuongeza na kukiacha kimiminika kivukize, huku ikidumisha shinikizo la mwisho wa pumzi ili vifuko visisinyae tena. Utafiti kwa watu wazima uliochapishwa mwaka 2006 haukuonyesha faida, na hilo wazazi waelezwe bila kuficha.

Jambo moja husahaulika kwa urahisi. Perflubroni ina bromini, nayo hulifanya pafu lionekane jeupe kabisa kwenye eksirei, na mabaki yake yanaweza kuonekana siku nyingi baadaye. Liandike hilo wazi katika faili la mtoto, ili daktari atakayempokea asidhani ni nimonia.