SOMO: Namna ya kumpata Mtendaji Mkuu wa kampuni ya teknolojia na kumkabidhi kazi

Swali hili nimelijibu faraghani mara nyingi mno, hivyo naliweka hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Nimekaa miaka sita kwenye bodi ya kampuni ndogo ya programu; mifano mikubwa nimeichukua Microsoft na Safaricom.

1. Undeni kamati ya uteuzi ndani ya bodi.

2. Andikeni kampuni inakoelekea kabla ya kutaja jina la mtu yeyote. Mwaka 2014 Microsoft ilimteua Satya Nadella kuwa Mtendaji Mkuu; alikuwa akiongoza kitengo cha huduma za wingu (kuhifadhi data na kuendesha programu kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti), na huko ndiko biashara ilikokuwa ikihamia.

3. Wapimeni wa ndani na wa nje kwa mizani moja.

4. Muwe na kaimu anayejulikana. Bob Collymore, Mtendaji Mkuu wa Safaricom, alipofariki Julai 2019, kampuni ilimrudisha Michael Joseph, aliyeiongoza tangu mwaka 2000 hadi 2010, naye akashika usukani mpaka Peter Ndegwa alipoanza kazi Aprili 2020.

5. Makabidhiano. Hapa ndipo tulipoharibu. Tulimpata mama mmoja hodari, tukampa barua ya uteuzi, lakini kwa heshima tukamwachia mwanzilishi ofisi yake ya zamani, mlango wa pili kutoka kwa mama huyo. Kila asubuhi wahasibu walipanga foleni na mafaili kwa mzee, kwa kuwa ndiye waliyemzoea, na alilokataa bosi mpya saa tatu lilikuwa limekwisha kubaliwa kwa mzee saa nne. Baada ya miezi minane mama huyo aliandika barua ya kujiuzulu, na mimi ni mmoja wa waliostahili lawama, kwa sababu niliiona foleni ile nikanyamaza. Tahadhari: anayeondoka apewe tarehe ya mwisho kwa maandishi, ahame jengo, akihitajika kwa ushauri, aitwe na mrithi wake, si na wafanyakazi. Nadella alipoteuliwa, Bill Gates aliachia uenyekiti wa bodi na kubaki mshauri wa teknolojia.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo wa ndani ndiye bora?
Jibu: Sikusema hivyo. Rudia hatua ya 3. Nadella alikuwa Microsoft tangu 1992. Ndegwa alitoka Diageo, kampuni ya vinywaji.

Swali: Naomba mtupe fomu ya usaili.
Jibu: Bila hatua ya 2 fomu haitakusaidia.

Swali: Ndugu, kiongozi mpya aanze na mabadiliko gani ili watu wasimkimbie?
Jibu: Ahsante kwa swali zuri. Aanze kwa kusema wazi kampuni itaacha kufanya nini, maana wafanyakazi huchoshwa zaidi na kazi mpya inayorundikwa juu ya ile ya zamani. Nadella alirithi ununuzi wa biashara ya simu za Nokia, na mwaka 2015 Microsoft iliamua kuipunguza biashara hiyo na kuandika kwenye hesabu zake hasara ya dola bilioni 7.6 kutokana na ununuzi huo. Uamuzi huo ulipoteza ajira za maelfu, kwa hiyo usiuchukulie kuwa mwepesi. Lakini nguvu zilizobaki zilipata mahali pamoja pa kwenda.

Mchango wa mwanachama: Ongezeeni kubadilisha watia saini wa benki siku ile ile ya makabidhiano.
Jibu: Kweli kabisa. Kagueni pia jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Letu lilikuwa kwa barua pepe binafsi ya mzee, na tuligundua siku tovuti ilipozimika kwa kutolipiwa.