Jinsi ya kutafiti lugha na utamaduni wa leo tu, bila kukimbilia historia (mfano wa Dodoma)

Kwa mnaojiandaa kwenda fildi, hasa vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kuna utafiti watu wanauchukulia poa wakati una kazi kweli, ule wa kuangalia lugha na maisha ya watu yalivyo kwa wakati mmoja. Darasani mnaita sinkronia, ukifuata mabadiliko ya miaka na miaka hiyo ni daikronia. Aliyeutilia nguvu mgawanyo huu ni Ferdinand de Saussure wa Uswisi, mihadhara yake ilitoka kitabu 1916 yeye akiwa ameshafariki, alitumia mfano wa chesi ila mi naona kwetu bao linafaa zaidi, ukikuta mchezo uko katikati unaangalia kete zilivyokaa unajua nani kabanwa, huhitaji kusimuliwa walivyoanza.

Kwanza funga muda na mahali. Usiandike "Wagogo wa sasa", taja kijiji na miezi, mfano Mvumi, Juni mpaka Julai mwaka huu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kama Desemba hadi Aprili hivi, sasa ukienda Januari watu wako shambani utasikia habari za kulima na kupalilia uwele, ukienda Julai wameshavuna watu wana nafasi, mazungumzo mengine kabisa. Ukizichanganya hizo data utajichanganya mwenyewe.

Afu chagua kitu kidogo: salamu, utani, majina ya mboga. Mi ningeshauri majina ya undugu maana yanashikana sana, huwezi kujua mtu akisema "baba" anaishia kwa nani mpaka ujue anamwitaje baba mdogo, mjomba, mume wa shangazi, yaani kila jina linapata mipaka yake kwa majirani zake. Kwa hiyo usikusanye neno moja moja kama unaandika kamusi. Shika mtu mmoja uliza: huyu unamwitaje? akiwa hayupo unamtajaje? mkeo je anamwitaje? watoto wako? Utashangaa mambo yanayotoka hapo, nani anamheshimu nani, nani anaruhusiwa kumtania nani, nani hawezi kukaa karibu na mkwe wake, lugha na utamaduni vinatoka pamoja bila wewe kuvilazimisha.

Wengi wanapopotea ni hapa, wanaenda kwa wazee tu na kuuliza "zamani mlikuwa mnasemaje". Jamani! Bibi wa miaka 80 na mjukuu wake wa bodaboda pale Sabasaba, Dodoma mjini, wote wanaongea leo, wote ni data, na mjukuu akichanganya Chigogo (lugha ya Wagogo) na Kiswahili hajaharibu kitu, ndo lugha inavyotumika. Tofauti yao iandike kama tofauti ya umri iliyopo sasa hivi, usirukie kusema lugha imebadilika, inawezekana vijana hao wakizeeka wakaongea kama bibi.

Ukienda Kondoa na Chemba, humuhumu mkoani, kishawishi cha kukimbilia historia kinazidi. Kuna Kirangi cha Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, Kisandawe chenye vidoko (zile sauti za kualisha ulimi), wapo na Wabarbaig ambao lugha yao ni ya Kiniloti, lazima utake kuuliza nani alitangulia, afu michoro ya miambani ya Kolo iko hapohapo. Hiyo ni kazi nyingine. We kaa mnadani usikilize anayeuza mbuzi anatumia lugha gani kwa mteja, gani kwa mwanae, gani akikasirika.

Vibali msipuuze: barua ya chuo, ofisi ya mkoa, halmashauri, mtendaji, mwenyekiti wa kijiji. Kabla ya kurekodi kwenye simu omba ruhusa na uelezee sauti itatumika wapi. Kila rekodi iwe na tarehe, mahali, umri wa msemaji na lugha za nyumbani kwao.

Na mzee akikupa historia ya ukoo usimkatishe, rekodi yote, ila uiweke kwenye sehemu ya masimulizi kama kitu watu wanachokisema leo kuhusu jana yao.