Unaenda kusoma kijapani? Maliza karatasi kwanza, kazi itakuja

Nyinyi wote wa Bukavu wenye munangojea viza ku ambasade ya Japani kule Kinshasa, naona swali ni moja tu, kazi, inalipa ngapi, nitaanza lini. Mutulie kwanza. Kule Japani karatasi moja njo inafungua ingine, ukiruka moja utafanya kazi na hauna hata fasi ya kupokelea mushahara.

Inaanzia ku eropoti. Ukishukia Narita, Haneda ao Kansai, batu ba migrasyo banakupatia karte ya ukaaji pale pale. Mbele ya kutoka, leta na fomu ya kuomba ruhusa ya kufanya kazi, bure kabisa, hakuna hata franga ya kutoa. Ukiiacha itabidi kwenda kuiomba ku byuro ya migrasyo na ile inakamata wakati. Ruhusa ni masaa 28 kwa juma, na haiko 28 kwa kila patron, ni 28 yote pamoja, isipokuwa wakati wa konje kubwa ya masomo, pale unaweza fika masaa 8 kwa siku. Kuna wenye watakuambia hakuna mutu anahesabu. Banahesabu, na inatokeaka siku unaenda kurefusha viza. Tena kazi ya mu baa za kuchekesha bakiriya na mu nyumba za pachinko, mashini za kuchezea makuta, ile hapana, hata na ruhusa.

Ukipata tu nyumba, mbele siku 14 zipite, enda ku byuro ya komini, kuyakusho ao shiyakusho inategemea muji, baandike adresi yako nyuma ya karte. Usitoke pale bila kuingia mu asiransi ya magonjwa ya serikali: ku lopital wewe unalipa 30%, asiransi inalipa yenye inabakia, na sisi wenye tunazoea kutafuta kosyo mbele munganga akuguse tunajua ile ni kitu gani. Kama uko na miaka 20 ao zaidi banakuingiza na mu pansyo, kwa hiyo uliza siku ile ile namna ya kuomba usilipe kwanza wakati uko mwanafunzi, barua zake usizifiche mu kabati.

Adresi ikishaandikwa njo unaweza kupata simu, na banki. Banki mingi inakataa mugeni mwenye hajamaliza miezi 6 mu inchi, ndiyo maana wanafunzi wengi banaanziaka ku banki ya posta, Yucho. Sasa hesabu mwenyewe: karatasi, simu, banki, kisha kutafuta kazi, kisha kungoja mwisho wa mwezi. Beba makuta ya kula na ya nyumba ya miezi ya kwanza, hata kama kuna yaya wako kule anakuahidi kazi ya haraka.

Masomo yenyewe ni kama masaa 20 kwa juma, asubui ao mangaribi, na ukishuka chini ya 80% ya siku za kuhuzuria, viza inaanza kuwa mashaka. Usikubali kazi ya usiku muzima, utasinzia mu klasi na mwalimu anaandika.

Takataka nayo ni masomo. Zenye zinaungua siku yake, plastiki siku yake, chupa na mikebe siku yake, miji fulani mpaka mufuko ni wa kununua ule wenye baliruhusu. Ukitoa siku mbaya banaiacha pale na kakaratasi juu, majirani bote banaona. Sisi chupa inaenda mu kaniveau, mvua inaipeleka mu ziwa mpaka ku baraji ya Ruzizi, kwa hiyo ile tabia uiache huku. Kalenda ya takataka uiombe palepale ku komini.

Bugali? Mu Tokyo enda kona ya Shin-Okubo, kuna maduka ya bageni yenye unga mbalimbali. Na ukikumbuka sambaza, tafuta niboshi, samaki kadogo kakavu kenye bao banatengenezea mchuzi, kaanga na tomati na kitunguu, mi naona inakaribia sana.

Kupiga simu nyumbani: wako mbele yetu masaa 7, saa tatu ya usiku kule ni saa nane ya muchana Bukavu. Na pasi ya umeme usiibebe, kule kuranti ni volti 100, haitapata moto ya kutosha. Chaja ya simu angalia tu kama iliandikwa 100-240, na adapta ya meno mawili ya bapa utanunua kule.