Kufunga zana nyuma ya trekta: pini, ndoano au fremu?

Nakodisha trekta la kulimia upande wa Babati. Siku ya msimu yenye kazi nzuri naanza na plau alfajiri, saa nne nafunga haro, na jua likianza kushuka nafunga mashine ya kupandia kwa mtu anayewahi unyevu. Kila ninapobadilisha, lazima mtu ainame kati ya chuma cha mamia ya kilo na tairi linalomfika kifuani. Ndiyo maana wenye matrekta wananiuliza sana kama wanunue fremu ya kufungia haraka au waendelee na pini.

Mimi plau bado naifunga kwa pini. Nimefanya kazi na ndoano na fremu pia kwenye matrekta ya watu, na zipo kazi ambazo pini hazifai kushindana nazo. Ila fremu haimsaidii mtu ambaye zana zake zina vipimo mchanganyiko, wala ambaye hajajua kufunga kwa pini kwa mpangilio. Kwa hiyo tutaanza na pini.

Hatua ya 1: Pima kila zana uliyonayo

Nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya chini inayonyanyua, na toplinki, yaani fimbo yenye nyuzi iliyo juu katikati. Zana nayo ina pini mbili chini na tundu moja kwenye mlingoti wake, kile chuma kilichosimama juu yake. Vipimo vya sehemu hizo vimepangwa kwa madaraja. Daraja la 1 ni la matrekta madogo, kama nguvu za farasi 20 hadi 45: pini za chini zina unene wa mm 22, ya juu mm 19. Daraja la 2 ndilo utakalolikuta kwenye matrekta mengi yanayolima kwetu, mfano Massey Ferguson 290: pini za chini mm 28, ya juu mm 25. Daraja la 3 ni la mashine kubwa, pini za chini karibu mm 37.

Kama huna kifaa cha kupimia unene, beba spana. Spana ya 22 ikikumbatia pini ya chini vizuri, hiyo ni daraja la 1. Kisha pima kwa tepu nafasi kati ya pini mbili za chini: daraja la 1 ni karibu sm 68, daraja la 2 karibu sm 82 na nusu. Mwisho pima kutoka usawa wa pini za chini hadi tundu la toplinki kwenye mlingoti. Andika namba zote tatu kwenye daftari, zana moja moja. Usiidharau hii namba ya tatu, ndiyo itakayoamua habari ya fremu.

Ukikuta zana ya daraja la 1 na trekta ni la daraja la 2, nunua bushi za kujazia, yaani vipande vifupi vya bomba la chuma vinavyovishwa kwenye pini. Zinauzwa kwenye maduka ya vipuri na bei yake si ya kukunyima usingizi. Pini ya mm 22 ikifungwa ndani ya tundu la mm 28 bila bushi inacheza, inagonga kila ukigeuka mwisho wa shamba, na baada ya misimu michache tundu linakuwa na umbo la yai. Nimeona watu wakijaza nafasi hiyo kwa kipande cha bomba la maji. Bomba linapasuka, na linapasuka zana ikiwa juu.

Hatua ya 2: Rudi nyuma kwa leva sahihi

Zana iwe imekaa sehemu tambarare, imesimama kwenye stendi yake au imeegemezwa kwa magogo imara. Plau ya visahani isiyo na stendi hulala upande, na kuinyanyua kwa mabega ni kutafuta ulemavu.

Matrekta mengi yana leva mbili za haidroliki. Moja inaweka mikono kwenye kimo ulichochagua na kuiacha hapo. Nyingine inafuata uzito wa udongo wakati wa kulima, na inaweza kuinua au kushusha bila wewe kutegemea. Wakati wa kufunga tumia ile ya kimo. Rudi taratibu, mikono ikiwa chini kidogo ya usawa wa pini, mpaka matundu yakaribiane na pini. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, zima injini. Utingo asimame pembeni, mahali ambapo dereva anamwona, mpaka injini izime.

Hapo sibadiliki na sitabadilika. Miaka ya mwanzo nilikuwa na kijana hodari sana wa kazi. Aliingiza kidole cha shahada kwenye tundu la mkono wa trekta ili ajue kama limelingana na pini, nami nikagusa leva kidogo, injini ikiwa inanguruma. Ncha ya kidole ilibaki pale. Leva niliishika mimi. Tangu siku hiyo tundu linatazamwa kwa macho tu, na hakuna mtu anayeingia kati ya trekta na zana injini ikiwaka.

Hatua ya 3: Kushoto, kulia, halafu juu

Anza na mkono wa kushoto, kwa sababu fimbo inayounyanyua kwa kawaida ina urefu usiobadilika. Fimbo ya mkono wa kulia ina mpini wa kuzungusha, kwa hiyo kulia ndiko unakorekebisha: zungusha mpini ili mkono upande juu au ushuke mpaka tundu lilingane na pini. Chomeka pini ndogo ya usalama kila upande kabla ya kwenda kwingine. Waya uliokunjwa si pini ya usalama, na msumari pia si pini ya usalama.

Toplinki huja mwisho. Izungushe irefuke au ifupike mpaka tundu lake liangukie kwenye tundu la mlingoti, kisha ingiza pini. Nyuzi zitokeze sawasawa pande zote mbili, na zisitokeze kupita kiasi, maana nyuzi chache zinazobaki ndani hukatika ukinyanyua.

Toplinki ina kazi kubwa zaidi ya kushikilia tu. Zamani majembe yalikokotwa kwa mnyororo au kwa boriti, na jembe likinasa kwenye kisiki trekta liliinua pua na kumfunika dereva. Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini alibuni mpangilio huu wa ncha tatu, na trekta la Ford 9N la mwaka 1939 likausambaza Marekani. Wakati wa kulima, toplinki husukuma trekta kwa mbele na kulizuia kupinduka. Ndiyo maana ni marufuku kufunga mnyororo kwenye shikio la toplinki ili kuvuta gari lililonasa au kung'oa kisiki. Hapo nguvu hiyo inageuka, pua inanyanyuka, na huna hata muda wa kukanyaga klachi. Kuvuta kunafanywa kwenye boriti ya kuvutia iliyo chini.

Hatua ya 4: Minyororo ya pembeni na jaribio

Minyororo hii huzuia mikono ya chini isiyumbe. Kwa plau iache ilegee kidogo, jembe lipate kutafuta njia yake. Kwa mashine ya kupandia, ya kupulizia na ya kufyekea, ikaze. Kisha washa, nyanyua zana polepole, angalia kama inagusa tairi. Isawazishe kushoto na kulia kwa ule mpini wa mkono wa kulia, mbele na nyuma kwa toplinki.

Kufungua ni kinyume: zana ishuke mpaka itulie ardhini, toa toplinki, kisha kulia, kisha kushoto.

Sasa tulinganishe

Pini ni rahisi kwa bei, haziongezi uzito, na zinaiacha zana karibu na trekta iwezekanavyo. Hilo la mwisho lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Plau ikisogea nyuma hata kiganja kimoja, mbele ya trekta kunakuwa kwepesi na usukani unaanza kupoteza utii ukipanda mwinuko. Ubaya wa pini ni muda na mgongo. Kwenye uwanja usio tambarare dereva anaweza kupanda na kushuka mara tano kabla tundu halijakutana na pini.

Dawa ya kwanza ya ubaya huo ni mikono yenye ncha za kuchomoza. Unabana kitufe au kilimi, ncha ya mkono inatoka nje, unaifikisha kwenye pini na kuifunga hata kama trekta halijakaa sawasawa. Halafu unarudi nyuma kidogo na ncha zinajifunga zenyewe. Kwa mtu anayefanya kazi bila utingo, hii ndiyo ningemwambia aitafute kwanza wakati wa kununua trekta. Haigusi vipimo vya zana hata kimoja. Inataka tu usafi: udongo ukijaa kwenye mfereji wa ncha, haitoki, na ukiilazimisha kwa nyundo utaiharibu. Ioshe na kuipaka grisi kila wiki ya msimu.

Njia ya pili ni ndoano, ambazo utaziona sana kwenye matrekta makubwa ya kutoka Ulaya. Mwisho wa kila mkono wa chini, badala ya tundu kuna ndoano iliyotazama juu, yenye kufuli. Zana inavalishwa gololi kubwa za chuma kwenye pini zake mapema. Dereva anarudi, ananyanyua, ndoano inakamata gololi kutoka chini na kufuli linajifunga. Kufungua, anavuta kamba akiwa kwenye kiti. Mimi naipenda njia hii kuliko fremu, kwa sababu zana inabaki karibu palepale pa zamani na haijali kimo cha mlingoti. Gharama yake ni kwamba kila zana inahitaji gololi zake, za daraja lilelile, na gololi za chini si sawa na ya juu. Ukiwa na zana sita, ni seti sita. Na kabla ya kuondoka lazima ushuke ukatazame kufuli kwa macho, maana jani la muhindi tu likibanwa mle linatosha kulizuia lisifunge.

Kisha fremu yenyewe. Ni chuma cha umbo la mlango kinachofungwa kwa pini kwenye mikono ya trekta na toplinki, kinakaa hapo msimu mzima. Kina ndoano mbili chini na moja juu. Unarudi, unaingiza ndoano chini ya pini za zana, unanyanyua, unafunga vilimi viwili. Zana zako zikiwa zimelingana, hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii kwa mgongo wa mtu.

Lakini kwenye fremu za kawaida za mtindo wa Marekani, daraja la 1 na la 2, ndoano ya juu iko sm 38 juu ya zile za chini. Fungua daftari lako uone ile namba ya tatu. Kwa vipimo vya kimataifa mlingoti wa daraja la 1 una sm 46, na wa daraja la 2 una sm 61. Maana yake zana nyingi hazitakutana na ndoano ya juu mpaka fundi achomelee shikio jipya. Kwenye fremu zingine ndoano hiyo inasogezwa juu na chini, na kama ni lazima ununue fremu, nunua ya namna hiyo. Pini za chini nazo zinataka bushi nene ili zijae kwenye ndoano.

Fremu pia inaisogeza zana nyuma kwa kama sm 10. Kwa haro unaweza usione tofauti kubwa. Kwa mashine inayozungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, shafti inakuwa imefupika: zile bomba mbili zinazoingiliana zimepungukiwa sm 10 za kushikana. Ukinyanyua zinaweza kuachana, na chuma kinachozunguka mara 540 kwa dakika kikiachia hakichagui wa kumpiga. Baada ya kufunga fremu, pima shafti upya ukiwa umeshusha, kisha umenyanyua. Mimi nataka angalau theluthi moja ya urefu wa bomba ibaki imeingiliana wakati wote, na kava la plastiki liwe zima. Kanga, koti refu na kamba ya kiatu vikae mbali na shafti.

Ipo pia fremu ya pembetatu, yenye umbo la herufi A. Upande mmoja unakaa kwenye trekta, mwenzake anafungwa kwenye kila zana. Inafunga vizuri sana na inajiongoza yenyewe hata ukirudi kwa pembe. Ila inakutaka ununue pembetatu kwa kila zana, kwa hiyo naiona inafaa shamba moja lenye mashine zake za kudumu, si mtu anayefunga zana ya mteja leo na ya jirani kesho.

Ukikodisha kama mimi, ambapo mteja anaweza kuniambia "fundi, plau ipo hapa hapa nyumbani, ni ya marehemu baba", baki na pini, zenye bushi za kutosha kwenye kisanduku. Ukiwa na shamba lako na zana tano unazobadilisha kila siku, ndoano au fremu italipa. Kabla ya kutoa hela ya fremu, iombe dukani iwekwe wima, pima kwa tepu kutoka ndoano za chini hadi ya juu, halafu weka namba hiyo pembeni ya namba za daftari lako. Zile zana zisizolingana, uliza bei ya kuchomelea kwanza, uijumlishe kwenye bei ya fremu.